Capel Celyn: Kijiji Kilichozamishwa kwa Sheria

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili. Leo nalirudia, maana kila nikiitaja Capel Celyn, kijiji cha Wales kilichozamishwa ili jiji la Liverpool, Uingereza, lipate bwawa la maji, hakosi mtu wa kusimama na kuniambia, "Lakini Liverpool walihitaji maji." Walihitaji, nani amebisha? Ninachobishia mimi ni namna walivyoyapata.

Bonde la Tryweryn, kilipokuwa kijiji hicho, liko kaskazini mwa Wales, jirani na mji mdogo wa Bala. Kwa utaratibu wa kawaida, halmashauri ya jiji la Liverpool ingelazimika kuomba kibali kwa mamlaka za mipango za Wales. Haikuomba. Iliandaa muswada wake yenyewe wa kujenga bwawa na kuupeleka moja kwa moja Bungeni London. Hapo ndipo ninapotaka mtulie. Wabunge wa Wales walikuwa 36, na 35 kati yao waliupinga. Haikufua dafu. Tarehe 1 Agosti 1957 muswada ukawa sheria. Mtaniambia wengi wape. Wapewe, ndiyo, ila katika jambo ambalo na wao linawagusa! Hawa waliopiga kura ya ndiyo, nani kati yao alikuwa analala Capel Celyn?

Wala msiseme wanakijiji walinyamaza. Novemba 1956 walifunga safari hadi Liverpool, wazee kwa watoto, wakaandamana mitaani na mabango yao. Gwynfor Evans, kiongozi wa Plaid Cymru, chama cha kutetea utaifa wa Wales, akapewa nafasi mbele ya madiwani. Walimsikiliza, kisha wakapiga kura kuendelea na mradi.

Watu 48 kati ya 67 wa bonde lile walipoteza makazi. Shule ilikwenda, posta ikaenda, kanisa likaenda, na nyumba na mashamba 12. Jamii nzima iliyokuwa ikiishi, ikisali na kusomesha watoto wake kwa Kiwelisi. Lakini mimi sianzii kwenye nyumba, naanzia makaburini. Miili minane ilifukuliwa ikazikwa kwingine. Waliobaki waliachwa palepale, mawe yenye majina yao yakaondolewa, eneo likamwagiwa zege, ndipo maji yakaja juu yake. Fikiria mama yako yuko pale chini. Utaambiwa nini kuhusu fidia ukaelewa?

Na bonde hilohilo lina Hafod Fadog, shamba walikokutania Wakweka wa kale, Wakristo wa madhehebu ya Quaker, ambao baadhi yao walihamia Pennsylvania, Marekani, wakikimbia mateso ya dini. Nalo limezama.

Naona naonyeshwa saa, kwa hiyo haya mengine nayapitia haraka. Bwawa lenyewe, Llyn Celyn, lilizinduliwa Oktoba 1965, na sherehe ilidumu dakika chache tu kwa sababu waandamanaji walikata nyaya za vipaza sauti. Mwaka uliofuata Gwynfor Evans akashinda kiti cha Carmarthen, mbunge wa kwanza wa chama chake. Wanaosema kijiji kidogo hakina siasa waanzie hapo.

Liverpool iliomba radhi mwaka 2005, miaka 40 baada ya uzinduzi. Naiheshimu radhi ile. Ila iliombwa na halmashauri ya jiji, na mimi bado nalidai Bunge lililoipitisha ile sheria. Suala la reli ya Bala iliyofungwa kupisha bwawa, na lile la bomu lililotegwa 1963 kwenye eneo la ujenzi, niulizeni sasa, kipaza sauti kiko mkono wa kulia.