Gari inazima njiani halafu inawaka tena: pima kwanza kabla hujanunua pampu

Karibuni tena bassebo na bannyabo, yaani mabwana na mabibi. Leo tuko na hii Toyota Premio, injini 1NZ, mwenyewe analia inamzimia kwenye jam ya Kalerwe hapa Kampala, akikaa pembeni kidogo ipoe inawaka kama si yenyewe. Kuna makanika kashamwambia aende Kisekka, soko la vipuri, anunue pampu ya mafuta. Ngoja kwanza.

Ikikuzimia unaendesha, usichomoe ufunguo, stelingi itajifunga. Washa taa za hazadi, weka gia nyutro, breki kanyaga mara moja ushikilie hivyo hivyo, usiipampu, maana injini ikizima ile nguvu ya kusaidia breki inabaki ya kukanyaga mara chache tu.

Umeshasimama, macho dashibodi. Taa zote zimekufa na redio kimya? Huo ni umeme, shika vichwa vya betri na waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi, utikise hivi, unaona hiki kinacheza? Hiki peke yake kinatosha kukuzimia gari kila shimo. Taa ya betri na ya oili zikiwa zimewaka na redio inaimba, endelea.

Sasa hapa ndio penyewe, pima ikiwa bado moto, ukingoja ipoe kila kitu kitakuwa kizima na utarudi nyumbani mikono mitupu. Piga stata huku unatazama sindano ya RPM. Ikilala kwenye sifuri kabisa, shuku sensa ya kranki, ile inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Ikicheza kidogo, mara nyingi sensa inasoma, hamia kwenye mafuta.

Na pampu inavyowaponza watu ni hivi: kwenye Toyota nyingi za aina hii haivumi ukiweka swichi on, inaanza ukipiga stata, na kompyuta haiiruhusu mpaka ipate habari kutoka sensa ya kranki. Sensa ikifa na pampu inanyamaza, mtu anatega sikio kwenye tangi, kimya, basi pampu imekufa, toa hela. Unabadilisha, gari imeshapoa, inawaka, mnapeana mikono, kesho jam ile ile.

Sogeza kamera. Sensa ni hii huku chini upande wa fanibelti, karibu na puli ya kranki. Injini imezima, chukua kitambaa cha maji baridi, ibane nacho kidogo, toa mkono, piga stata. Ikiwaka papo hapo umemshika mwizi. Mashine ya kusoma kompyuta ikikupa P0335, kodi ya hitilafu ya sensa ya kranki, sawa, ila isipotoa kodi usiseme sensa nzima, sensa inayokufa ikipata moto ina ujanja.

Kama ni mafuta, funga geji ya presha ya mafuta, hii inataka kama psi 44 hadi 50. Ikishuka injini ikipata moto, filta ya ndani ya tangi au pampu yenyewe, hapo sasa nunua. Na ulegeze kifuniko cha tangi, kikivuta hewa kwa nguvu na gari ikawaka, kifuniko hakipumui.

Hii yetu imewaka na kitambaa, basi tunabadilisha sensa. Boliti ni moja, spana namba kumi, paka oili kwenye oringi, ile pete ya mpira ya sensa mpya, rudisha soketi mpaka ilie tik, halafu iache inguruma AC ikiwa on mpaka feni izunguke na kuzima mara kadhaa, ndio umpe mwenyewe ufunguo.