Muwa wa Muhoroni

AKINYI: Karibuni tena, tuko Kisumu. Leo mwenzangu anatafuna upande mmoja. Barasa, hebu waeleze watu.

BARASA: Muwa, dada. Jumamosi nilipitia Muhoroni, nikanunua kipande, nikaanza kukimenya kwa meno kama mtoto wa shule. Nikasikia ka! Nikadhani ni fundo la muwa. Kutema, kumbe ni ubavu mzima wa gego.

AKINYI: Gego lile lililotibiwa mzizi?

BARASA: Lile lile. Daktari alisema nirudi nivalishwe krauni, ile kofia ya jino. Maumivu yakaisha, nami nikaishia hapo.

AKINYI: Wengi tunakwama hapo. Jino likishatobolewa hadi mzizini, kuta zinazobaki ni nyembamba, na kila ukitafuna zinasukumwa nje. Krauni inalikumbatia lote mpaka kwenye ufizi, lisipasuke.

BARASA: Langu ufa umeshuka hadi mzizini, ni la kung'oa. Sasa naambiwa kuna daraja, jino la bandia la kuziba pengo.

AKINYI: Hapo nenda polepole. Watu hudhani lile jino la katikati hupandwa ndani ya ufizi. Wapi! Limekaa juu juu tu. Meno ya pande zote mbili yanachongwa, yanavalishwa krauni, na hizo krauni ndizo zinalishikilia la bandia. Ni kama flaiova ya Kondele, kazi yote ni ya nguzo.

BARASA: Na nguzo zangu ni nzima, hata kitundu hazina! Ndiyo maana roho inaniuma.

AKINYI: Ikuume, maana enameli ikichongwa hairudi. Kama majirani wangekuwa wameoza na kuzibwazibwa, ningekwambia weka daraja leo. Yakiwa mazima, ulizia kwanza skrubu ya titani ndani ya mfupa, inayobeba jino la bandia peke yake. Mara nyingi bei yake iko juu, sikatai.

BARASA: Au niache pengo. Babu mzaa mama, Mjaluo wa zamani, aling'olewa sita ya chini, na nyama alikula.

AKINYI: Ya mbele hayo! Wazee husema yaliacha njia ya uji mtu akishikwa na pepopunda, taya zikijifunga. Gego ni habari nyingine. Likitoka, jirani anainamia pengo, na la juu linashuka kumtafuta mwenzake. Ukikumbuka daraja baada ya miaka, nafasi imeshaharibika.

BARASA: Mama yako si analo?

AKINYI: Analo. Akimaliza omena jioni, utamwona mbele ya kioo akipenyeza uzi chini ya jino la bandia, ulimi nje, kama anatunga sindano. Bandia haliozi, lakini nguzo zinaoza ndani ya krauni zao, na zikienda, daraja lote linakwenda.

BARASA: Nina miadi Alhamisi. Nitauliza habari ya skrubu.

AKINYI: Na muwa uliobaki?

BARASA: Nimewaletea watoto wako. Umekatwa vipande kwa panga.