Seli Nyekundu Haisafiri Peke Yake

Mabibi na mabwana, sote tulifundishwa kwamba seli nyekundu ya damu inabeba oksijeni tu. Leo nataka tuliondoe hilo neno "tu". Tangu inapozaliwa hadi inapomezwa, seli hii inagusana na seli nyingine, inazipa ishara na kupokea zao.

Tuanzie kwenye uboho. Mwaka 1958 Mfaransa Marcel Bessis alieleza kuhusu vikundi vidogo anavyokuta mtu humo: makrofaji moja katikati, yaani seli kubwa inayomeza vijidudu na mabaki ya seli, na seli changa nyekundu zimeizunguka. Makrofaji inazishikilia na kuzilea. Seli changa inapotema kiini chake, makrofaji inakimeza. Na baada ya siku zipatazo 120, ni makrofaji tena, safari hii za bandama na ini, zinazoimeza seli iliyozeeka na kurudisha madini yake ya chuma yakaundie seli mpya.

Makrofaji inajuaje ipi imalizwe na ipi iachwe? Seli yenye afya ina protini iitwayo CD47 kwenye utando wake, nayo ni ishara ya kuizuia makrofaji. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba seli nyekundu za panya zisizo na protini hiyo, zikiingizwa kwa panya wa kawaida, huondolewa upesi mno. Kwangu huu ni ushahidi mzito: uhai wa seli hii ni ruhusa inayoombwa upya kila inapopita kwenye bandama.

Sasa twende kwenye ukuta wa mishipa, na hapa naomba tukae kidogo. Seli nyekundu ikibanwa, au ikipungukiwa oksijeni, inatoa ATP, kemikali ambayo seli huitumia kama nishati na pia kama ishara. Seli zilizotandaa upande wa ndani wa mshipa zinaipokea ishara hiyo, zinatengeneza gesi ya naitriki oksaidi, misuli ya mshipa inalegea, na njia inapanuka. Yaani mbebaji mwenyewe anasaidia kuamua damu iende wapi kwa wingi!

Maelewano hayo yakivurugika, mtu anaumia. Kwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda seli nyekundu kama mundu, seli zinapasuka ovyo na hemoglobini (protini inayobeba oksijeni) iliyomwagika inaifyonza naitriki oksaidi, hivyo mishipa inakaza. Seli zilizobaki zinanata kwenye ukuta na kwenye seli nyeupe, damu inakwama, na mgonjwa anapata yale maumivu makali ya mifupa. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kinatumia mlango huohuo: kinapachika protini yake juu ya seli nyekundu ili ishikamane na ukuta wa mshipa, isifike kwenye bandama ikaangamizwa. Shikamano hilo likitokea kwenye mishipa midogo ya ubongo, ndipo inapokuja malaria ya ubongo, inayoua watoto wengi.

Nimalizie na chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazosaidia kuziba jeraha, maana wengi hawazihusishi kabisa na seli nyekundu. Damu ikitiririka, seli nyekundu hukusanyika katikati ya mshipa na kuzisukuma chembe sahani pembeni, karibu na ukuta, mahali jeraha linapotokea. Seli nyekundu zikipungua sana, msukumo huo nao unapungua. Kwa wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu hilo limeonekana wazi: chembe sahani zinaweza kuwa za kutosha kwa hesabu, lakini damu inachelewa kukata. Wakiongezewa seli nyekundu, muda wa kuvuja unakuwa mfupi.