Monza: kasi wanayo wote, tazameni breki

Ndugu zangu wa Kampala, Jinja, Gulu, Arua, na ninyi wa Bwera kule mpakani, habari za nyumbani? Leo nazungumza na wapenzi wa magari. Sisi Uganda tumelelewa na rali: vumbi, matope, gari linapita mara moja na umebaki kuusikiliza mlio wake. Ndiyo maana Formula 1 ikifika Monza wengi mnaniandikia kwamba hawa wananyoosha barabara tu, kazi yao iko wapi? Kazi ipo, ni nyingi, na leo nataka niwaonyeshe pa kuitazama.

Saketi ya Monza ilijengwa 1922 ndani ya bustani ya kifalme, karibu na Milano hapa ninapoishi. Raundi moja ni kilomita 5.793. Wanazunguka mara 53, jumla kilomita 306 na ushee, yaani utoke Kampala ufike Mbarara na upitilize. Mwaka 2025 Max Verstappen alimaliza mwendo huo kwa saa 1, dakika 13 na sekunde 24. Wastani wake ulizidi kilomita 250 kwa saa, hata baada ya kusimama kubadili matairi. Siku moja kabla, kwenye mchujo wa kupanga nafasi, alipiga raundi kwa dakika 1 na sekunde 18.792, wastani wa kilomita 264.

Kasi hiyo inaanzia kwenye bawa la nyuma. Kazi ya bawa ni kulikandamiza gari chini ili matairi yaishike lami, lakini bawa hilohilo linapambana na upepo na kulirudisha gari nyuma. Hadi msimu wa 2025, Monza kila timu ilikuja na bawa jembamba kuliko yote ya msimu. Gari linapata kilomita 340 au 350 kwenye mnyoofu, ila likifika kona ni jepesi, halina wa kulikandamiza. Fundi akipunguza bawa kupita kiasi, gari linaruka kwenye mnyoofu halafu linateleza kwenye kona za Lesmo na Ascari, na kila kuteleza kunakula tairi.

Sasa breki, na hapa ndipo mtulie. Kona ya kwanza, Variante del Rettifilo, gari linatoka karibu kilomita 340 hadi chini ya 100, ndani ya mita 150 hivi. Mwanzo wa breki upepo bado unalikandamiza gari, kwa hiyo dereva anakanyaga kwa nguvu zote, mguu unasukuma uzito wa zaidi ya kilo 100. Lakini kadiri kasi inavyoshuka, mkandamizo nao unaondoka, basi lazima mguu uachie kidogo kidogo bila kukoma. Akichelewa kuachia, gurudumu la mbele linajifunga, mnaona moshi mweupe. Tatizo haliishi na moshi. Tairi limesuguliwa sehemu moja na kupata bapa, na tangu hapo kila mzunguko wa gurudumu unatikisa usukani. Bapa likiwa kubwa, hana budi kuingia piti, pale wanapobadilishia matairi.

Diski zenyewe ni za kaboni, na wakati wa kufunga breki joto lake linaweza kufika nyuzi 1,000. Kaboni haipendi ubaridi. Kwenye mnyoofu mrefu zinapoa, dereva akikanyaga zinachelewa kushika. Fundi akiziba njia za hewa ili zisipoe, zinaungua na kuisha haraka. Akizifungua sana, zinapoa na pia anaongeza ukinzani wa upepo. Kupata kipimo cha katikati ndiyo kazi ya Ijumaa nzima, siku ya mazoezi.

Ongezeni mkumbo wa gari la mbele. Ni kama boda boda anayejificha nyuma ya lori barabara ya Masaka: upepo umekatwa, anavutwa bila kukamua injini. Mtu aliye nyuma anafika kona ya kwanza na kasi kubwa kuliko alivyozoea, na bawa lake la mbele halipati hewa safi. Kwa hiyo asikanyage breki pale alipokanyaga raundi iliyopita, lazima awahi. Wengi hawawahi. Na kona hiyo ni ya hatari hata bila mkumbo: mwaka 2021, Lewis Hamilton akiwa ametoka piti, yeye na Verstappen waligongana hapohapo, gari la Verstappen likapanda juu ya la Hamilton na gurudumu likakaa juu ya kichwa chake. Kilichomkinga ni halo, ule upinde wa titani uliolazimishwa kwenye magari yote tangu 2018. Kuna watu walioukataa eti unaharibu sura ya gari. Mimi sioni sura yoyote yenye thamani ya kichwa cha mtu.

Matairi nitayaeleza kwa mbio za 2024, maana zilikuwa somo kamili. Monza ina kona 11, na 7 zinakata kulia, zikiwemo zile ndefu. Mzigo mkubwa unaangukia tairi la mbele kushoto. Mwaka ule lami ilikuwa mpya, na tairi lilipoteleza, mpira wa juu ulimeguka vipunje vikaganda juu ya uso wake, gari likawa linatembea juu ya vipunje badala ya lami. Timu ya McLaren waliona hivyo wakasimama mara mbili. Charles Leclerc wa Ferrari alisimama mara moja tu, akafunga matairi magumu na kuyalea raundi 38, bila kulilazimisha lile la kushoto. Kusimama Monza kunakula zaidi ya sekunde 20, kwa kuwa ndani ya piti mwisho ni kilomita 80 kwa saa na wenzako wanapaa nje. Oscar Piastri wa McLaren alimfukuza hadi mwisho, akabaki nyuma kwa sekunde 2.6. Banange, Ferrari ni yao, Waitaliano walilia kwa furaha!

Kwa hiyo mkitazama, msikodolee mnyoofu. Tazameni gari linavyotoka Parabolica, kona ya mwisho, maana anayewahi kukanyaga mafuta hapo anabeba faida hiyo zaidi ya kilomita moja. Tazameni kama dereva anakosa sehemu ya kuingilia kona ya kwanza mara mbili mfululizo: tairi lake la mbele limechoka. Na jueni kwamba lile bawa la nyuma lililofunguka kwenye mnyoofu kwa anayefukuza tu (DRS) liliishia msimu wa 2025. Kwa kanuni za 2026 mabawa ya mbele na ya nyuma yanalala kwenye mnyoofu kwa kila dereva, kwa hiyo hesabu za bawa jembamba zimebadilika.

Kwa kawaida mbio zinaanza saa tisa alasiri hapa Italia, kwenu saa kumi jioni. Anayetaka kuja mwenyewe aanze na viza ya Schengen mapema, miezi kabla. Kutoka Milano unapanda treni hadi Monza, halafu basi la kwenda bustanini, na bado unatembea sana, kwa hiyo viatu vya kutembelea. Tiketi ya kusimama kwenye nyasi ndiyo ya bei ya chini. Ukiwa na mtoto, mletee vikinga masikio. Maswali ya breki na matairi yaandikeni hapo chini, nitayajibu kwa Kiswahili na kwa Luganda.