Kuchora Haragwe Linaloota kwa Inkscape: Walimu Tarajali, Kabla Hamjaenda BTP (Mazoezi ya Kufundisha)

Habari zenu walimu wangu. Najua cheti bado, ila mimi nawaita walimu tangu mwaka wa kwanza ili mzoee. Leo tunachora haragwe linaloota. Kuna atakayeuliza, madam, kwani manila ina shida gani? Haina shida, hata mimi naipenda. Lakini manila ikikutana na mvua njiani, kazi ya usiku mzima imekwenda. Hili la kompyuta unalichapa mwaka huu, na mwakani unalichapa tena.

Programu ni Inkscape. Ipo tangu 2003 na ni ya bure, ya bure kweli, siyo ile ya kuvunjwa kufuli mnayopeana kwenye flashi. Kuisakinisha sionyeshi, mnaweza.

Haragwe lenyewe hili hapa, limekaa kwenye pamba mbichi siku nne. Ganda limepasuka, kijimzizi kimechungulia karibu na hiki kikovu cheupe. Nimelipiga picha kwa simu yangu. Kabla ya hapo niliiomba akili unde inichoree. Ikachora, rangi safi, unaweza kuweka fremu ukatundika sebuleni. Ila kotiledoni, zile nusu mbili za mbegu, imeziacha chini ya udongo! Hiyo ni njegere hiyo. Haragwe huzinyanyua juu. Mtoto aliyepanda la kwake kwenye kopo la Blue Band atakusahihisha mbele ya mkaguzi.

Haya, Kontroli na I, chagua picha. Dirisha hili likija, simama. Usibofye OK kwanza. Kuna Embed na kuna Link. Chagua Embed. Embed inaimeza picha ndani ya faili, Link inaandika tu mahali picha ilipo. Mwaka nilioanza kazi nilichagua Link, nikabeba faili peke yake kwenye flashi, nikafungua mbele ya darasa, wageni wamekaa nyuma na kalamu zao. Projekta ikaonyesha boksi lenye X nyekundu. Nikasema umeme unasumbua. Umeme ulikuwa mzima kabisa. Embed, walimu.

Imeingia. Sasa tuna… ngoja. Ngoja kidogo. Kona ya juu, mnaona? Huu ni mkono wa mtoto aliyenishikia haragwe, na nyuma ni sweta, na kwenye sweta nembo ya shule inasomeka. Nilikuwa naangalia haragwe tu. Nasimamisha kurekodi.

Tumerudi. Sikukata kipande hicho, nimefunika nembo tu, kwa sababu nataka mwone. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za watoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Sasa wengi wenu mngefanya hivi: unachora mstatili juu ya haragwe, unaagiza Clip, kilichobaki nje kinapotea. Safi? Tazama nikibofya Release. Sweta limerudi. Lilikuwa humo muda wote, limefichwa tu. Kwa hiyo picha unaikata hukohuko kwenye simu, ndipo unaiingiza upya. Kontroli na I. Embed. Ndiyo, nimesema tena.

Fifisha picha mpaka nusu, funga kile kikufuli kwenye orodha ya vitu. Bonyeza B, ndiyo kalamu. Bofya, sogea, bofya na kuburuta, mstari unapinda. Nukta tano zinatosha haragwe zima. Kuna mmoja wenu, simtaji, alinitumia lenye nukta 43, limekaa kama embe lililong'atwa na popo. Rudi ulipoanzia mpaka kile kimraba kiwake, bofya, umbo limefunga. Ukikosea, N, sukuma nukta taratibu. Rangi weka unayotaka, mimi ni mtu wa rosekoko, naweka madoadoa. Maneno ni herufi T. Hapo napita haraka.

Na kama huna haragwe, unataka picha iliyopigwa na mtu mwingine? Google si mwenye picha, imekuonyesha tu ilipo. Na kuipitisha kalamu juu yake hakuifanyi iwe yako. Nenda Wikimedia Commons, soma leseni chini ya picha. Ikiwa CC BY, yaani tumia ukimtaja mwenyewe, tumia, ila jina la mpigaji liandike chini ya mchoro pamoja na leseni, na useme umebadilisha. Huko kwingine ukikuta ND, yaani usisambaze uliyoibadilisha, ukaichora upya na kuisambaza, umevunja masharti. Tafuta nyingine, au loweka haragwe lako, ni siku nne tu.

Kuchapa: Kontroli, Shift na E, PNG, DPI 300, yaani nukta 300 kwa inchi. Hilo limekwisha.

Ila ukitaka kuwatumia wenzako SVG, yaani faili lenyewe la mchoro, kwenye kundi la WhatsApp ili wabadilishe rangi, kumbuka picha bado imo chini ya mchoro, na vidole vya yule mtoto. Kuzima lile jicho kwenye orodha ya vitu ni kuficha, kama Clip. Hifadhi nakala kwa jina jipya, fungua kikufuli, chagua picha, Delete. Hifadhi tena, halafu linganisha ukubwa wa mafaili. La kwanza langu linasoma MB 3. Hili… KB 14. Hili ndilo la kutuma.