Loweka Kwanza, Ndipo Uvute

Wenzangu, kila tunapokutana kujadili mitandao ya polima inayopenyana, yaani mitandao miwili ya minyororo mirefu ya molekuli iliyosukana bila kuungana, swali la kwanza ni sampuli imekatika kwa nguvu kiasi gani. Nami narudia kuuliza: kabla ya kuivuta, ilijaribiwa kwa kiyeyushi?

Sababu za kupenda mafuta ya nyonyo mnazijua: takriban asilimia 85 hadi 90 ya asidi zake za mafuta ni asidi ya risinoleiki, iliyo na haidroksili (kikundi cha oksijeni na hidrojeni kinachoshikana na isosianeti) tayari, ilhali mafuta ya soya hatuna budi kuyaongezea. Tunayaunganisha na diisosianeti, molekuli yenye vikundi viwili vya isosianeti, tupate mtandao wa kwanza, wa poliuretani, kisha stireni iliyomo ndani, ikiwa na peroksidi ya kuanzisha mmenyuko na monoma ya kuunganisha minyororo, ifunge mtandao wa pili, wa polistireni. Hiyo ndiyo nia, lakini nia si matokeo.

Kausha kipande chembamba, kipime, kifunge kwa karatasi ya chujio, kiache katika kifaa cha Soxhlet, kinachokiosha tena na tena kwa kiyeyushi safi, chenye toluini kwa saa 24, kisha kikaushe katika ombwe mpaka uzito usibadilike tena. Kilichopotea hakikuwa kimefungwa na mtandao wowote. Usikimwage! Punguza toluini ile kwa kuivukiza, mimina methanoli nyingi, utazame: weupe ukijitenga, hiyo ni polistireni iliyobaki minyororo mitupu, nawe umetengeneza mtandao mmoja tu; mafuta ambayo hayakukutana na isosianeti hubaki yameyeyuka, na hujitokeza methanoli ikishavukizwa.

Mtu ataniambia kwamba mtumiaji anataka uimara, hana haja na toluini. Haja anayo, kwa kuwa mafuta yaliyobaki huru huilainisha sampuli leo, kisha huvuja taratibu, na namba uliyoiandika haitakuwa ya kitu alichonacho mkononi.

Hata hivyo, kutoyeyuka hakuthibitishi kupenyana, maana mitandao miwili yaweza kukaa kila mmoja katika kisiwa chake. Hapo pima mwitiko wa kimekanika joto likipanda, uone vilele vya upotevu wa nishati pale kila polima inapolainika: kilele cha polistireni kikibaki peke yake karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, mbali na cha poliuretani, mitandao imetengana; vilele vikisogeleana au kuungana kuwa kimoja kipana, imechanganyika vizuri zaidi.

Kuhusu unyevu nasema moja tu: kausheni mafuta kwanza, kwani maji na isosianeti hutoa kaboni dioksidi, na viputo huharibu kila kipimo.

Ninachoomba ni jedwali la matokeo lianze na asilimia iliyoyeyuka, kiyeyushi na saa zikitajwa, ndipo ifuate safu ya nguvu ya mvuto.