Meseji Isitangulie Abiria

Assalaam alaykum. Wengi wenu mliokuja hapa Tunguu mnaunda mifumo ya tiketi, ya skuli, ya vituo vya afya. Leo nataka tulishike jambo moja tu: programu ijue vipi kwamba kazi ya kuhifadhi imekwisha kweli.

Chukueni tiketi ya boti, Malindi kwenda Mkoani. Mama anasafiri na watoto watatu. Anajaza fomu moja, lakini kwenye hifadhidata zinaingia rekodi tano: moja ya tiketi, nne za abiria. Tiketi lazima iandikwe mwanzo, maana kila abiria hubeba namba ya tiketi hiyo. Sasa wewe unatumia Django, zana ya kuundia programu za wavuti kwa lugha ya Python, umeitundika kazi ya kutuma meseji kwenye post_save ya tiketi, yaani ishara inayotolewa rekodi inapohifadhiwa. Inafyatuka palepale tiketi inapoandikwa, na abiria bado hawajaingia. Simu ya mama inalia: "Tiketi yako imekamilika. Abiria: 0." Yupo bandarini na mizigo na watoto, mnataka afanye nini?

Wapo wanaoongeza sekunde mbili tatu za kusubiri. Nakuombeni, msifanye hivyo. Mkesha wa Idi seva ikielemewa, sekunde hizo hazitoshi, na hitilafu itatokea siku ambayo watu ndio wengi.

Dawa ni muamala, yaani fungu la maandishi kwenye hifadhidata linaloingia lote kwa pamoja au lisiingie kabisa. Rekodi zote tano ziandikwe ndani ya muamala mmoja, na meseji ifungwe kwenye on_commit, inayongoja muamala uthibitishwe ndipo itekeleze, iliyomo katika Django tangu toleo la 1.9 la mwaka 2015. Wanaotumia Rails, zana kama hiyo ya lugha ya Ruby, wanayo after_commit. Mtoto wa tatu akikosa kiti, vyote vinarudishwa nyuma na meseji haitoki. Lakini angalieni: pasipokuwa na muamala uliofunguliwa, on_commit hutekeleza papo hapo, na mtarudi kwenye sifuri ileile.

Limebaki tundu moja, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Muamala umethibitishwa, mtandao ukakatika kabla meseji haijatoka: tiketi ipo, mama hana habari. Ndiyo maana mimi huandika ujumbe wenyewe kuwa rekodi ya sita, ndani ya muamala uleule, kwenye jedwali la foleni. Programu nyengine inapitia foleni hiyo, inatuma, kisha inatia alama. Ikizimika baada ya kutuma na kabla ya kutia alama, itatuma tena. Kwa hiyo kila ujumbe upewe namba yake, marudio yatambulike.

Fungueni kompyuta, tuanze na jedwali hilo la foleni.